Tawi la Mwana Asiyezaliwa

Magige alipomaliza kuchukua tone la mwisho la damu, alikiweka kisomadamu juu ya kigoda akaomba maji ya kunywa. Hakuwa na kiu. Alitaka tu watu wa mji ule wapate la kufanya wakati mashine inafikiri, maana aliujua ule ukimya. Mpimaji yeyote wa Mti, ile orodha ya serikali ya koo zinazosomwa kwenye damu, atakwambia kwamba hakuna kazi ngumu kama kukaa uani kwa watu, mkisubiri pamoja kuambiwa wao ni akina nani.

Familia nzima ilikuwa imevaa nguo za kanisani. Watoto walikuwa wameoshwa miguu wakapakwa mafuta hadi wakang'aa. Bibi mwenye mji, jina lake Nyabise, alikuwa amekalishwa katikati kwenye kiti cha plastiki, kitenge kipya mabegani, amejikaza kama mtu anayepigwa picha. Walikuwa wanangoja kadi ya tawi, na kadi ya tawi haikuwa jambo la mzaha. Mwenye kadi akiharibika figo, ndugu wa tawi lake huitwa kwa sheria. Akihitaji damu au uboho, huitwa, na mwenye kadi haruhusiwi kumpa mtu asiye wa tawi lake, hata nje ya nchi. Akifa, huzikwa kwenye ardhi ya tawi lake na hapatikani wa kumhoji.

Kisomadamu kilitoa mlio mdogo. Mwanga wake ulitua kwenye ukuta wa nyumba, na Mti ukaanza kujichora wenyewe: shina, matawi, kisha majani yenye majina ya watu. Watoto walipiga makofi kila walipoona jina la mmoja wao. Halafu tawi la Nyabise likageuka rangi ya majivu. Majani yote yaliyokuwa chini yake yaling'oka moja moja, yakahamia upande wa pili wa ukuta na kutulia kwenye tawi la watu ambao hawakuwahi kula nao hata tonge moja. Makofi yakakoma.

Nyabise hakujaliwa mtoto wa kiume. Kama walivyofanya wanawake wengi wa Kikurya kabla yake, alitoa ng'ombe akaoa mke wa nyumba ntobhu, yaani mke aliyeolewa na mwanamke mwenzake kwa jina la mwana ambaye hakuzaliwa kamwe. Mke huyo alizaa na mwanamume aliyechaguliwa kimyakimya, na watoto wakawa wa Nyabise. Ng'ombe wakishatoka, basi, hakuna mwenye ruhusa ya kuuliza mbegu ilitoka wapi. Lakini Mti haukujua kusoma ng'ombe. Ulisoma ule uzi wa damu unaopita kutoka kwa baba kwenda kwa mwanawe wa kiume. Ulimtafuta mwana wa Nyabise kila mahali, na ulipomkosa ukalifunga tawi.

"Hiyo rangi ya majivu ni nini, mwanangu?" bibi aliuliza.

Magige alimjibu kwamba ofisi itakuja kueleza, ndivyo walivyofundishwa kujibu. Ofisi ingeeleza kwa kuleta gari. Nyabise angepelekwa mjini, kwenye nyumba ya wasio na tawi, na shamba lake lingerudi kwa wapwa wa marehemu mumewe. Wajukuu aliowaogesha wangepewa kadi zenye jina la mtu mwingine. Magige alikunja nyaya zake, akaaga kwa adabu zote, akaondoka. Ofisini walimsifu kwa upole wake, na siku hizo sifa hiyo ilikuwa imeanza kumchukiza.

Kwa maana yeye naye alikuwa mtoto wa nyumba ya namna hiyohiyo.

*

Nyumba ya Magige ilikuwa nyumba ya neno. Sheria iliruhusu: familia isiyotaka kusomwa ilibaki na mti wake wa kusimuliwa, ilimradi isidai chochote kwenye tawi la mtu. Aliyekataa kusomwa ni bibi yake, Bibi Nchagwa, siku ileile maofisa walipopanda kilimani kwa mara ya kwanza. Aliwaambia yeye alioa kwa ng'ombe wa halali, mbele ya mashahidi, sasa wao wanakuja kumuuliza habari za kitandani? Maofisa waliondoka wakicheka, na hawakurudi. Magige mwenyewe alisalimika kwa ajili ya kazi yake, kwani mpimaji hasomwi akiwa kazini, asije akapendelea tawi lake; siku akiacha kazi ndipo lazima asomwe.

Mti wa Bibi Nchagwa aliujua kila mtoto wa nyumba ile kwa moyo. Nchagwa alimzaa Wambura, Wambura akamwoa Robi, Robi akamzaa Magige na kaka zake na dada zake. Wambura huyo hakuwahi kuzaliwa. Hakuwa na kaburi wala picha, lakini alikuwa na sifa zake: mrefu, mkimya, hapendi uji wa moto. Magige alipokuwa mdogo aliamini kwamba baba yake amesafiri. Alipokua akaelewa, na kuelewa hakukumpunguzia kitu, akaendelea kujiita Magige Wambura kwa fahari.

Kulikuwa pia na mtu aliyepita. Kila mara njia ya chini ilipokauka, mzee mmoja wa ng'ambo ya bonde, Mahende, alipita kando ya ua wao akienda mnadani. Aliwaamkia watu wazima, hakupunguza mwendo, na hakuwatazama watoto. Siku moja Magige alimuuliza mama yake yule ni nani. Robi aliendelea kupepeta wimbi. "Mpita njia," alisema.

Mwaka ule wa kumsoma Nyabise ndipo Ryoba alipoanza kutokwa na michubuko. Ryoba alikuwa mtoto wa Magige, hajafikisha hata miaka minne, mchokozi, mwenye kicheko cha mtu mzima. Kwanza walidhani anaanguka hovyo. Kisha pua ikawa inavuja damu isiyokatika, na ufizi, na weusi wake mzuri ukafifia. Mkewe Magige, Wegesa, alizaliwa upande wa Kenya, ambako Mti haukuvuka, na huko ndiko walikompeleka. Daktari alisema uboho ndani ya mifupa ya mtoto umeacha kutengeneza damu. Apandikizwe uboho wa ndugu anayelingana naye, tena upesi. Ndugu wa Wegesa wakapimwa wote. Magige akapimwa, kaka zake na dada zake wakapimwa. Hakuna aliyelingana.

Daktari akauliza kama baba wa mtoto hana ndugu wengine, na Magige akamkumbuka yule mpita njia.

Waliporudi alifanya jambo ambalo mpimaji akishikwa nalo hufungwa. Adhuhuri moja aliegesha gari la ofisi chini ya mikaratusi, akatoa mfukoni leso yenye damu ya Ryoba, akaigusisha kwenye kisomadamu. Alikiweka katika hali ya majaribio, ile ya kufundishia wageni, ambayo haihifadhi kitu. Mti ulijichora kwenye kioo cha gari. Jani la Ryoba lilipanda juu bila kusitasita, likatua kwenye tawi la Mahende. Kando ya majina ya wajukuu wawili wa mzee yule taa za kijani zikawaka. Maana yake ni kwamba watu hao wawili uboho wao ungemfaa mtoto, na wangeitwa na sheria kesho yake.

Chini ya kioo mashine iliuliza kama athibitishe. Magige alijua kitakachofuata akithibitisha. Mti ukimsoma mtu, huwavuta na wote waliofungamana naye kwa neno. Ryoba angemvuta yeye, yeye angewavuta ndugu zake na watoto wao, wote wangehamia kwa Mahende, na Nchagwa angebaki peke yake juu ya tawi la majivu. Alizima mashine, akaikunja leso akairudisha mfukoni.

*

Wegesa hakuona kuna la kujadili. Alikuwa jikoni anasonga ugali, na aliusonga hadi ukawa mgumu kuliko kawaida yake. Alisema anampenda bibi, bibi ndiye aliyempokea na kumfundisha mji. Lakini bibi ameishi, mtoto hajaishi. Jina la mtu ambaye hakuzaliwa haliwezi kumzuia mtoto aliyezaliwa.

Bibi Nchagwa alikuwa anasikia, kwa sababu masikio yake yalikuwa mazima kuliko miguu. Aliingia akiegemea ukuta, akakaa.

"Wasomeni," alisema. "Nitakwenda huko wanakowaweka. Nasikia kuna godoro."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kisha akaomba apakuliwe. Kesho yake Magige alimkuta amekwisha kukunja vitenge vyake vizuri na kuvifunga kwa kamba.

Hapo ndipo Magige aliposhindwa. Lau angepigiwa kelele, lau angelaumiwa, labda angethibitisha siku ileile. Lakini juma lililopita ofisi ilikuwa imemtuma kwenye ile nyumba ya mjini kupeleka dawa, na alimwona Nyabise. Alikuwa na godoro, kweli. Magige alimwita kwa jina mara mbili, shikamoo Bibi Nyabise, na yule bibi hakugeuka. Mhudumu alimweleza kwamba wengi wao huwa hivyo, wakishaambiwa hawakuzaa mtu huacha kuitikia. Magige alisimama pale na katoni yake ya dawa, akajua hiyo ni kazi ya mikono yake.

Ilibaki njia moja, na njia hiyo aliijua kwa kuwa ndiyo kazi yake. Mtoto akiokotwa, bila mtu wa kusema ni wa nani, husomwa peke yake. Mti humtundika pale damu inapompeleka, mkuu wa tawi akikubali. Kwa kuwa hakuna mzazi aliyetajwa kwa neno, Mti hauna mwingine wa kumvuta. Sharti ni moja tu: siku yoyote mtu atakapojitokeza kudai kwamba mtoto ni wake, atasomwa yeye na nyumba yake yote.

Alipomwambia Wegesa, mkewe alimvuta Ryoba kifuani.

"Baba Ryoba, unamwokoa bibi yako kwa mtoto wangu."

"Mtoto atapona."

"Atapona, halafu atakuwa wa nani?"

Wegesa alilia, akanyamaza, akaosha uso. Kisha akatoa sharti lake: atakwenda naye. Yeye hana jani kwenye Mti wa nchi hii, hakuna mashine itakayomjua. Atakaa kwa Mahende kama yaya wa kuajiriwa, na mtoto atalala mgongoni kwa mama yake hata kama hatamwita mama mbele za watu. Kuhusu kurudi, alisema Magige asimuulize.

*

Mzee Mahende alikuwa anashona kamba ya ng'ombe Magige alipofika. Aliitikia shikamoo bila kuinua kichwa, akamwonyesha gogo la kukalia. Magige alieleza yote kwa kuzunguka, kama mtu anayezungumzia habari za jirani. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

Alisema alikuwa na mwana aliyekufa mgodini, hakuacha mke wala mtoto. Ofisi ikiuliza, atasema mtoto ni mbegu ya marehemu, ameachwa mlangoni na mwanamke asiyejulikana. Wajukuu zake watatoa uboho. Hakutaka kushukuriwa. Magige aliwaza kwamba marehemu huyu atamzaa Ryoba kama yule asiyezaliwa alivyomzaa yeye.

Alipoinuka kuondoka, mzee akamwambia akae kwanza.

"Kijana wa Nchagwa, hili la pili ndilo gumu," alisema. "Utataka kupita. Pita. Lakini ukipita, usipunguze mwendo. Waamkie wakubwa, usiulize anaendeleaje. Usimletee kitu, hata pipi. Ukimletea kitu mara moja, atakungoja."

Magige alimtazama yule mzee, mikono yake, masikio yake yaliyochongoka kidogo juu kama ya Ryoba na kama yake mwenyewe. Alitaka kumuuliza kama ilikuwa ngumu. Mzee alikuwa amerudia kamba yake.

"Uliweza vipi?" aliuliza hatimaye.

"Sijasema niliweza," Mahende alijibu. "Nilipita."

*

Magige alikuwa amepanga asiwepo ofisini siku Ryoba atakaposomwa. Aliomba ruhusa, akapewa. Lakini sheria ya mtoto aliyeokotwa hudai maofisa wawili, na mwenzake aliamka na homa, kwa hiyo Bi Sabina, mkuu wa kituo, akampigia simu aje mara moja. Alifika akamkuta Mahende kwenye benchi, kofia mapajani, na kando yake Wegesa katika gauni la kazi ambalo hakuwahi kuliona. Ryoba alikuwa magotini kwake, amekonda, pamba puani.

Mtoto alipomwona alinyoosha mikono yote miwili.

"Baba."

Bi Sabina aliinua macho kutoka kwenye kisomadamu. Alikuwa mwanamke mwenye huruma na asiyesahau uso wa mtu. "Amekupenda," alisema.

Magige alisema watoto wa umri huo humwita kila mwanamume baba. Alishangaa jinsi sauti yake ilivyotoka nzuri. Wegesa alimgeuza mtoto, akamlaza uso begani, na mtoto akaanza kulia kwa hasira, akijipindapinda ili ageuke tena. Mahende alikuwa anatazama sakafu.

Bi Sabina alichukua tone. Walisubiri. Magige, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiomba maji ya kunywa katika majumba ya watu, sasa hakuwa na la kuomba. Jani lilitokea ukutani, jeupe, halina jina la baba wala mama. Likapanda na kutua palepale alipojua litatua, taa mbili za kijani zikawaka, na mzee Mahende akabonyeza kidole kukubali.

"Swali la utaratibu," Bi Sabina alisema. Alimtazama Magige, kisha mtoto, kisha Magige tena, na macho yake yalikawia kidogo kwenye masikio yao. "Afisa wa pili, unamfahamu mtoto huyu, au mzazi wake yeyote?"

Kilio cha Ryoba kilikuwa kimepungua na kubaki kwikwi. Wegesa alifumba macho.

"Simfahamu," Magige alisema, akaweka kidole chake kwenye kioo.

*

Uboho ulishika. Habari zilimfikia Magige kwa njia ya mdomo, kutoka kwa watu waliokuwa wakizungumza mambo mengine: kwamba kule ng'ambo kwa Mahende kuna mtoto aliyeokotwa, alikuja mahututi, sasa anakimbiza kuku. Kilima kizima kilijua ni mtoto wa nani, na hakuna aliyefungua mdomo. Watu wale walikuwa na mazoezi ya vizazi vingi ya kutolisema jambo la namna hiyo.

Bibi Nchagwa hakumshukuru. Alipogundua kilichofanyika alikaa siku nzima bila kula, kisha akamwita Magige. Alimuuliza ni nani aliyemwambia kwamba nyumba yake inakula watoto. Yeye alitoa ng'ombe ili nyumba ipate watoto, si ili nyumba imtoe mtoto kumlinda kikongwe. Alikuwa tayari kwenda, vitenge vilikuwa vimefungwa. Magige alipiga magoti akaomba radhi, na bibi akamwekea mkono kichwani, lakini hakusema kwamba amemsamehe. Jioni, alipowasimulia wajukuu wengine mti wa nyumba, alifika kwa Magige akaendelea moja kwa moja, bila kumtaja Ryoba, kwa ndugu yake anayemfuata. Palikuwa na nafasi ndogo ya pumzi kati ya majina hayo mawili.

Magige aliendelea na kazi, kwani akiacha angesomwa. Siku nyingine alijiambia kwamba alichagua sawasawa. Siku nyingine aliamini kwamba Wegesa ndiye aliyekuwa na haki, na kwamba yeye alifanya woga na kuuita heshima.

Mvua zilipokatika na njia ya chini ikakauka, alijiwekea safari ya mnadani. Hakuwa na cha kununua. Alivuka bonde, akapanda upande wa pili, na kabla hajaufikia ule ua alisikia kicheko cha mtu mzima kinachotoka kwenye mwili mdogo. Miguu yake ilitaka kukimbia, halafu ikataka kusimama. Akaikataza yote mawili.

Wegesa alikuwa uani anaanika mtama, amenenepa kidogo usoni. Mzee Mahende alikuwa kwenye kigoda chake. Magige alimwamkia mzee, mzee akaitikia. Ryoba alikuwa amesimama kando ya ua, fimbo mkononi, weusi wake umerudi, amerefuka. Alimtazama mgeni kwa makini, akakunja paji la uso kama anayetafuta kitu alichokiweka mahali. Kisha akakumbuka adabu aliyofundishwa.

"Shikamoo."

"Marahaba," Magige alijibu, na hakupunguza mwendo.

Alikuwa ameshafika kwenye kona ya mkonge aliposikia mtoto akiuliza nyuma yake yule ni nani. Mtama ulisikika ukimwagwa kwenye mkeka, ukisambazwa kwa mkono, ukisambazwa tena.

"Mpita njia," Wegesa alisema.